Ndege Mgeni Wakati wa Bahari Chafu: Anatoka Wapi, na Ukimwona Ufanye Nini

Kila mwaka kusi inaposhika nguvu, hasa kati ya Juni na Agosti, wavuvi wengi wa Kaunti ya Kilifi huvuta vyombo vyao ufuoni na kusubiri. Bahari huchafuka kutoka Mtwapa hadi Ngomeni, na mawimbi hupasuka juu ya mwamba mchana na usiku. Ni katika siku hizo ambapo mtu aliyesimama ufuoni anaweza kumwona ndege asiyemjua: mweusi au wa kahawia, mwenye mabawa marefu membamba, akipita chini kabisa kati ya wimbi na wimbi bila kupiga mabawa. Pengine humkuta mchangani asubuhi, amelowa, macho yako wazi lakini hana nguvu ya kuruka.

Hapo maswali huanza. Ni ndege gani huyu? Ameleta mkosi? Anaweza kuwa na ugonjwa? Aachwe, achukuliwe nyumbani, au aripotiwe kwa nani? Makala haya yanaeleza wageni hawa hutoka wapi, kwa nini dhoruba huwasogeza kwetu, na hatua ambazo mkazi anapaswa kuchukua ili yeye, jamaa zake na kuku wake wabaki salama, na ndege naye apate nafasi ya kurudi baharini.

Ndege wa pwani na ndege wa bahari kuu

Wengi wetu tumezoea ndege wa pwani. Membe weupe wanaopiga mbizi karibu na vyombo, shakwe wanaokaa kwa makundi kwenye mdomo wa Mto Sabaki, korongo na vitwitwi wanaotafuta chakula Mida maji yakitoka. Hawa hulala nchi kavu, na bahari kwao ni kama shamba: huenda asubuhi na kurudi jioni.

Ndege wa bahari kuu ni tofauti. Maisha yake yote yako majini, na nchi kavu huigusa tu wakati wa kutaga na kulea kinda. Miezi mingine yote hula, hulala na hupumzika akiwa baharini. Baadhi yao, kama petreli, wana mirija miwili midogo juu ya mdomo. Kichwani wana tezi zinazochuja chumvi kutoka kwenye damu, na maji ya chumvi hutoka kupitia puani. Ndiyo maana ndege huyu anaweza kunywa maji ya bahari maisha yake yote. Lakini miguu yake ni dhaifu na imekaa nyuma ya mwili. Baharini haimsumbui, nchi kavu hawezi kutembea vizuri, na wengi wao hawawezi kuruka kutoka mahali tambarare pasipo na upepo. Kwa hiyo ndege aliyekaa mchangani bila kukimbia mtu huenda hajavunjika popote. Huenda amekwama tu.

Hapa Kilifi tuna bahati moja ya kijiografia. Katika sehemu kubwa ya pwani ya Kenya, mbali na eneo la Ghuba ya Ungwana, sakafu ya bahari huteremka haraka baada ya mwamba. Mvuvi wa Watamu hahitaji kwenda mbali sana kabla ya kufika kwenye kilindi. Ndiyo sababu samaki wa bahari kuu kama jodari na nduaro huvuliwa karibu nasi, na ndiyo sababu ndege wa bahari kuu nao hupita karibu kuliko katika nchi nyingi.

Kwa nini dhoruba humleta karibu

Ndege wa bahari kuu haogopi upepo. Upepo ndio nguvu yake. Juu kidogo ya maji upepo ni mpole, na mita chache juu yake una kasi zaidi. Petreli hupanda kukabili upepo, hugeuka, kisha huteremka nao akipata mwendo mpya, na kurudia hivyo kilomita nyingi akitumia nguvu kidogo sana. Bahari ikitulia kabisa ndiyo taabu kwake, kwa sababu hulazimika kupiga mabawa.

Tatizo huanza mambo matatu yanapokutana. Kwanza, upepo uvume kwa nguvu siku kadhaa mfululizo kuelekea nchi kavu. Ufuo wetu unatazama mashariki na kusini mashariki, na kusi hutoka upande huo huo, kwa hiyo kila ndege aliyechoka husukumwa kuja kwetu. Pili, mawimbi na povu humfanya ashindwe kuona na kukamata samaki wadogo na ngisi walio karibu na uso wa maji. Akikosa chakula siku mbili au tatu, mafuta ya mwilini huisha. Tatu, awe ni kinda wa mwaka huo ambaye bado hajakomaa. Ndege mzima mwenye afya hupambana na kurudi kilindini. Mchanga au mgonjwa hutupwa ufuoni.

Vimbunga hufanya jambo hilo kwa ukubwa zaidi. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, vimbunga kamili ni nadra sana kufika kwetu, kwani nguvu inayotokana na mzunguko wa dunia, ambayo huuzungusha upepo hadi ukawa kimbunga, ni hafifu hapa. Lakini nadra si kamwe. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Kisiwa cha Mafia, Tanzania, na pwani ya Kenya ikawekwa katika tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa. Mwezi huo huo kikafuata kimbunga Ialy kilichopita baharini mashariki mwa pwani yetu. Kusini zaidi, baada ya kimbunga Eloise kupiga Msumbiji Januari 2021, ndege wa bahari kuu walionekana mbali ndani ya bara, katika maeneo ambayo hayana bahari kabisa. Dhoruba ilikuwa imewabeba.

Baadhi ya wageni wanaoweza kuonekana

Petreli wa Jouanin ni mmoja wa ndege wanaotafutwa sana na wataalamu katika bahari yetu. Mwili wote ni kahawia iliyokolea, mdomo ni mweusi na mnene, na mkia ni mrefu uliochongoka. Mabawa yake yakikunjuliwa hukaribia upana wa mabawa ya kunguru wa mjini, lakini ni membamba zaidi. Hupaa juu kwa mkunjo mpana, kisha hushuka hadi karibu aguse maji. Mtaalamu Mfaransa Christian Jouanin alimtambulisha kwa wanasayansi mwaka 1955, na kwa miaka mingi baada ya hapo hakuna mtaalamu aliyejua ndege huyo anataga wapi. Hatimaye viota vyake vilipatikana kwenye magenge ya kisiwa cha Sokotra, kisiwa ambacho manahodha wa majahazi ya zamani walikijua vyema katika safari za kati ya Arabuni na pwani yetu. Kwa hiyo petreli anayepita mbele ya Watamu yuko katika njia ile ile ya bahari ambayo babu zetu waliitumia kwa tanga.

Petreli wa Wilson ni mdogo sana, hazidi mbayuwayu kwa mbali, na uzito wake ni kama gramu 40 tu. Ni mweusi mwenye kiraka cheupe juu ya mkia. Akila, huning'inia juu ya maji na kugusagusa uso kwa miguu kana kwamba anatembea juu ya bahari. Anazaliana kwenye Bara la Antaktika na visiwa vilivyo karibu nalo, kisha huja Bahari ya Hindi wakati kule ni majira ya baridi. Miezi hiyo, mkondo wa bahari unaokwenda kaskazini huungana na maji baridi yenye chakula kingi yanayopanda kutoka kilindini mbele ya Somalia na Omani, na ndege wengi huelekea huko.

Membe mgongo mweusi ni mweusi juu na mweupe chini, mwenye mkia wa panda. Huzaliana kwa makundi makubwa. Kisiwa cha Bird huko Ushelisheli huwa na mamia ya maelfu ya jozi. Kinda akishaondoka kisiwani anaweza kukaa miaka kadhaa bila kutua nchi kavu. Manyoya yake hayazuii maji vizuri kama ya ndege wengine wa bahari, hivyo hapendi kukaa majini muda mrefu. Dhoruba ikimchosha, huwa hatarini haraka.

Pia kuna yule ndege mkubwa mweusi mwenye mabawa marefu yaliyokunjika kama upinde na mkia wa panda ndefu. Yeye hapigi mbizi. Hufukuza membe na ndege wengine hadi wateme samaki, kisha huwadaka hewani kabla hawajagusa maji. Akionekana juu ya ufuo wetu, mara nyingi ni siku ya upepo mkali.

Ndege si mkosi, wala si mtabiri wa hali ya hewa

Wapo wanaoamini kwamba ndege mweusi asiyejulikana akitokea ufuoni huleta balaa. Ukweli ni kinyume chake: balaa, yaani dhoruba, ndiyo iliyomleta yeye. Kumuua au kumfukuza kwa mawe hakubadilishi chochote baharini.

Wavuvi wetu wanajua kusoma ndege kwa njia nyingine, na ujuzi huo ni wa kweli. Kundi la membe likipiga mbizi mahali pamoja, chini yake kuna dagaa, na chini ya dagaa huenda kuna jodari anayewasukuma juu. Lakini jambo moja lizingatiwe: kutoonekana kwa ndege wa dhoruba hakumaanishi bahari ni salama. Ndege huletwa baada ya upepo kushika kasi, si kabla. Anayesubiri kumwona ndege ndipo arudi nyumbani amechelewa tayari.

Mwongozo wa kutegemewa ni taarifa za Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, ambazo hutaja kasi ya upepo, urefu wa mawimbi na siku za tahadhari, na hutangazwa katika redio. Tahadhari ikitolewa, vyombo vidogo visivuke mwamba. Kabla ya kutoka siku yoyote ile, mwambie mtu wa BMU yako unakwenda wapi na unatarajia kurudi saa ngapi, na hakikisha kila aliye chomboni ana jaketi la kuokolea. Hakuna ndege wala samaki anayestahili maisha ya mtu. Wahenga walisema, kawia ufike.

Anayetaka kuwatazama ndege hawa hahitaji chombo. Keti mahali palipoinuka penye kinga ya upepo, mbali na ukingo wa genge, saa za asubuhi, utazame juu ya mstari wa mwamba ambapo mawimbi hupasuka.

Ukimwona baharini au ukiwa ufuoni: andika

Taarifa ya mkazi mmoja inaweza kuwa na thamani kubwa. Kwa ndege wengi wa bahari kuu, yanayojulikana kuhusu pwani ya Kenya yametokana na watu wachache waliotoka na mashua, au waliokaa ufuoni na daftari. Ukimwona mgeni, andika mambo haya kabla hujasahau:

1. Tarehe, saa na mahali, kwa jina la ufuo au kijiji.
2. Upepo ulitoka upande gani na bahari ilikuwaje.
3. Ukubwa wake ukimlinganisha na ndege unayemjua: kunguru, njiwa, mbayuwayu.
4. Rangi ya mgongo, tumbo, mdomo na miguu, na umbo la mkia.
5. Alivyoruka: alipiga mabawa, alielea, alipiga mbizi au aligusa maji kwa miguu.
6. Walikuwa wangapi, na walielekea wapi.

Piga picha kwa simu hata kama si nzuri. Picha yenye ukungu inayoonyesha umbo la bawa ni bora kuliko maelezo matupu. Taarifa hizo zinaweza kupelekwa kwa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, kwa mradi wa Kenya Bird Map ambao hukusanya taarifa za ndege kutoka kwa wananchi, au kwa shirika la A Rocha Kenya lililoko Watamu, ambalo limefanya utafiti wa ndege wa pwani kwa miaka mingi.

Ukiona pete ya chuma mguuni mwa ndege, usiivute kama ndege yuko hai. Soma nambari na maandishi yote, au yapige picha. Nambari hiyo huwawezesha watafiti kujua ndege alivishwa pete wapi na lini, na hivyo safari yake yote.

Ukimpata mchangani akiwa hai

Kwanza mtazame kwa mbali. Kama anaweza kusimama na kujisafisha manyoya, huenda anapumzika tu. Zuia mbwa na watoto wasimkaribie, na umwache. Kunguru wakianza kumdonoa, au kama hawezi kabisa kujiinua, hapo anahitaji msaada.

Usimshike kwa mikono mitupu. Vaa glavu, au mfunike kwa kitambaa, kanga kuukuu au gunia safi, ukikunja mabawa yake taratibu. Uso wako uwe mbali na mdomo wake. Baadhi ya petreli hutema mafuta yenye harufu kali wakiogopa, na mdomo wao huuma. Mweke ndani ya katoni yenye matundu ya hewa na kitambaa chini, mahali penye kivuli na utulivu. Giza la katoni humtuliza.

Usimlishe mkate, wali wala samaki, na usimmiminie maji mdomoni, kwani huweza kuingia mapafuni. Usimtupe hewani ukidhani ataruka. Usimrudishe kwenye mawimbi akiwa amelowa, kwa sababu atazama. Usimweke karibu na banda la kuku au bata hata kwa saa moja. Kisha wasiliana na afisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, iliyo karibu nawe. Maafisa wake wapo katika hifadhi za bahari za Malindi na Watamu. Ukishindwa kuwafikia, mwarifu mwenyekiti wa BMU au chifu, naye atafikisha ujumbe.

Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni na maji, na ufue kitambaa ulichotumia.

Wakipatikana wagonjwa au waliokufa wengi

Ndege mmoja aliyechoka baada ya dhoruba ni jambo la kawaida. Ndege kadhaa waliokufa au wanaoyumba mahali pamoja ni jambo jingine, na hapa tahadhari inahitajika. Homa ya mafua ya ndege imewaua ndege wengi wa baharini barani Afrika. Afrika Kusini iliathiriwa mwaka 2018, ambapo membe na pengwini walikufa, na tena mwaka 2021, ambapo minandi walikufa kwa maelfu. Ugonjwa huo unaweza kuingia kwa kuku wa nyumbani, na mara chache huwapata watu waliogusa ndege wagonjwa.

Kwa hiyo ukikuta hali hiyo, usiguse ndege yeyote, aliye hai au mfu. Usile wala usiuze nyama yake, na usimpe mbwa. Weka watoto na mifugo mbali. Andika mahali na idadi, kisha ripoti siku hiyo hiyo kwa daktari wa mifugo wa kaunti kupitia afisi ya wadi au ya kaunti ndogo, na kwa KWS. Kuripoti hakumtii mtu hatiani. Kunyamaza kunaweza kugharimu kuku wa kijiji kizima, na katika nyumba nyingi zetu kuku ndiye karo ya shule na dawa ya dharura.

Sheria inasema nini

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, ulinzi wa wanyamapori ni jukumu la serikali ya kitaifa, nayo kaunti inasimamia, pamoja na mengine, afya ya mifugo na uvuvi. Ndiyo maana ndege hai huripotiwa kwa KWS, na dalili za ugonjwa huripotiwa pia kwa idara ya mifugo ya kaunti. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kufuga, kuuza au kuua mnyamapori bila kibali. Kumhifadhi ndege kwenye katoni wakati unawasubiri maafisa ni kuokoa. Kumfungia kibandani ili watalii walipe kumpiga picha ni kosa.

Mchango wetu wa kila siku

Petreli wengi hutaga yai moja tu kwa mwaka. Mzazi mmoja akifa, kinda naye mara nyingi hufa, na pengo hilo huchukua miaka kuzibwa. Kuna mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wetu.

La kwanza ni taa. Petreli husafiri na kutembelea viota usiku, na mwanga mkali huwapoteza hadi wakagonga kuta au kuanguka. Wenye hoteli na nyumba za ufuoni wanaombwa kuelekeza taa chini na kuzima zisizohitajika usiku, hasa siku za dhoruba. Hatua hiyo husaidia pia makinda wa kasa wanaotafuta njia ya kwenda baharini.

La pili ni takataka. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi Agosti 2017, lakini chupa, vifuniko na vipande vya nyavu bado huishia majini. Ndege wa bahari kuu huokota chakula juu ya maji, na kipande cheupe kinachoelea humwonekania kama ngisi. Mvuvi anayerudi na nyavu zake zilizochakaa badala ya kuzitupa anaokoa ndege, kasa na samaki kwa pamoja.

La tatu ni visiwa vya kuzalia. Kwenye kisiwa kidogo cha Whale Island, mlangoni mwa Mida, membe huzaliana katika miezi hiyo hiyo ya kusi. Mtu akipanda kisiwani, wazazi huruka wote, na mayai hubaki juani au huliwa na kunguru. Watembeza watalii wanaombwa kupita mbali wakati wa kuzaliana.

Kwa ufupi

Tahadhari ya bahari chafu ikitolewa, baki ndani ya mwamba. Ukimwona ndege mgeni, andika na upige picha. Ukimpata mmoja amechoka, mfunike, mweke gizani, usimlishe, na uwaarifu KWS. Ukikuta wengi wamekufa, usiguse na uripoti siku hiyo hiyo. Kusi itapungua, vyombo vitarudi majini, na mgeni aliyesaidiwa naye atarudi kwenye kilindi alikotoka.